Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kisumu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu wote mmeniuliza swali moja, ofisini na hata tukisubiri kuitwa mahakamani: je, sheria imetunyang'anya busara katika kazi yetu ya kuwatembelea watoto na kuiandikia mahakama ripoti juu yao?

Chukueni mtoto aliyekamatwa na simu ya wizi karibu na soko la Kibuye. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, kama hajatimiza miaka 12, hana hatia ya jinai. Zamani kikomo kilikuwa miaka 8. Hapo hatuna la kuamua, nami nashukuru. Lakini akiwa na miaka 12 au 13, sheria inamchukulia kuwa hawezi kupambanua jema na baya hadi mahakama iridhike vinginevyo. Nani atamweleza hakimu mtoto huyu anaelewa nini? Ni sisi, tuliofika kwao Nyalenda, tukaketi na nyanyake, tukamuuliza mwalimu wake. Sheria haikutufunga mikono hapo. Imetudai tuseme tulichokiona.

Tunakwama kwenye kukisema. Mwenzetu mmoja aliandika katika ripoti: "Nyumbani hakufai." Wakili akamuuliza, hakufai vipi? Majibu alikuwa nayo tele kichwani, ila kwenye karatasi hapakuwa na hata moja. Niliumia, kwa sababu naamini alikuwa sahihi. Kifungu cha 53 cha Katiba kinatanguliza maslahi ya mtoto katika kila jambo linalomhusu, na cha 47 kinampa anayeguswa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Mama anayetenganishwa na mwanawe anastahili zaidi ya maneno mawili.

Kuna wengine wameingiwa na hofu ya wakili, sasa wananakili maneno ya sheria neno kwa neno hadi ripoti ya mtoto wa Manyatta haitofautiani na ya mtoto wa Ahero. Nawasihi tuache. Hakimu anayo sheria mezani. Asichokuwa nacho ni yule mtoto, godoro analolalia na mtu anayemkimbilia akipigwa.

Hesabu atasoma mweka hazina.

Kamati imekubali tukutane kila mwezi kusomeana ripoti. Wenzetu wa Nyando wamejitolea kuanza. Njooni na ripoti moja kila mmoja, majina yote yakiwa yamefutwa, hasa ile iliyokataliwa.

Mwenyekiti