Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: kesi ya dawa za kulevya huanza kuvuja mwaloni, si maabara

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,
Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Mkoa,
Kigoma.

YAH: UTAMBUZI WA DAWA ZA KULEVYA NA UTUNZAJI WA VIELELEZO

Mheshimiwa,

Tunakuandikia tukiwa wakemia na wafamasia. Hoja yetu ni moja na tunaitanguliza. Mashine ya maabara inaweza kusema bila wasiwasi kwamba unga ulioletwa ni heroini. Haiwezi kusema kwamba unga huo ndio uliokamatwa kwenye boti pale Kibirizi. Hilo la pili huthibitishwa na aliyekamata, kwa kalamu, mizani na lakiri (muhuri wa kufungia kielelezo), ndani ya saa chache za mwanzo. Akikosea hapo, hakuna mtambo wa kumwokoa.

Mkoa wetu una mwambao mrefu wa Ziwa Tanganyika, una Manyovu na Mabamba upande wa Burundi, una treni ya reli ya kati. Mara nyingi anayekutana na mzigo wa kwanza si mpelelezi aliyesomea kazi hiyo. Ni mgambo, ni mtendaji wa kijiji, ni mwanakikundi wa ulinzi wa rasilimali za uvuvi. Hao ndio tunaowazungumzia zaidi, kwa sababu bajeti ikitajwa kila mtu hukumbuka mashine na kuwasahau wao.

Tuanze na jina. Hati ya ukamataji ikiandikwa "heroini gramu 40" kabla ya kipimo chochote, na taarifa ya Mkemia Mkuu ikarudi inasema methamfetamini, wakili wa utetezi ameshapata swali lake la kwanza: hizi ni gramu 40 zilezile, au ni nyingine? Hati iandike kile jicho linachokiona: "unga wa rangi ya kahawia hafifu, kete 36 zilizofungwa kwa nailoni nyeupe, udhaniwao kuwa dawa za kulevya". Ni maneno marefu kidogo, lakini hayavunjiki mahakamani. Na kwa heshima, Mheshimiwa, hili linahusu pia mikutano na waandishi wa habari. Kiongozi akishatangaza jina la dawa mbele ya kamera, maabara huonekana imeitwa kuthibitisha maneno ya mkubwa.

Kuhusu kuziainisha, dawa hizi hupangwa kwa njia tatu ambazo watu huzichanganya. Kwa asili yake: bangi na mirungi ni mimea, heroini hutengenezwa kutokana na mofini ya mmea wa afyuni, methamfetamini ni kemikali tupu. Kwa inachofanya mwilini: zipo za kupumbaza, za kuchangamsha na za kuleta maruweruwe. Kwa sheria: kuna mikataba ya Umoja wa Mataifa ya 1961, 1971 na 1988, na hapa kwetu Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95. Mpangilio huu wa tatu ndio unaomfunga mtu, na haufuati ukali wa dawa peke yake. Tramado, dawa ya maumivu, kwa mfano, haimo katika majedwali ya mikataba hiyo ya kimataifa, kwa hiyo nchi mbili jirani zinaweza kuitazama tofauti. Mirungi ni mfano mzuri zaidi. Mkataba wa 1971 hautaji mmea wenyewe. Unataja kathinoni na kathini zilizomo ndani yake. Kenya mirungi inauzwa sokoni, Tanzania ni marufuku. Abiria atakayejitetea kwamba kwao ni halali huenda anasema kweli, ila haimsaidii hapa.

Mirungi hiyohiyo ndiyo kielelezo kinachoharibika haraka kuliko vyote. Jani likiwa bichi lina kathinoni, yenye nguvu. Likinyauka, kathinoni hugeuka kuwa kathini, iliyo dhaifu, na kwa joto letu siku mbili tatu zinatosha kuleta tofauti kubwa. Kifurushi kikikaa wiki nzima kwenye mfuko wa plastiki stoo, maabara itapokea tope jeusi. Kathini bado itaonekana, lakini taarifa itakuwa hafifu kuliko ambavyo ingekuwa. Dawa yake ni rahisi: sampuli iwekwe kwenye kiboksi cha barafu siku ileile, ikifika kituoni igandishwe kwenye jokofu, na itoke ikiwa imeganda.

Bangi ina ugonjwa mwingine, wa uzito. Mmea mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Kilo 10 zilizong'olewa shambani zinaweza kubaki kilo mbili au tatu zikikauka. Hakuna aliyeiba, lakini daftari la vielelezo linasema 10 na mizani ya maabara inasema 2.6, na pengo hilo mtu lazima alieleze akiwa kizimbani. Kwa hiyo pimeni ikiwa mbichi na andikeni "mbichi", tena mseme kama mizizi na mashina vimo. Kung'uteni udongo kwanza. Ianikwe kivulini, chumba kikiwa na kufuli, kisha ipimwe tena mbele ya mashahidi na uzito wa pili uandikwe chini ya ule wa kwanza. Ifungwe kwenye gunia la katani au mfuko wa karatasi. Plastiki huzuia unyevu kutoka, ukungu huota, na baada ya mwezi kilichobaki hakitazamiki.

Uzito wenyewe ndio unaoamua kifungu cha mashtaka na ukali wa adhabu, kwa hiyo mizani si jambo la pembeni. Mizani ya kupimia dagaa inafaa kwa magunia ya bangi. Haifai kabisa kwa kete, ambayo mara nyingi haifiki gramu moja. Kituo kinahitaji mizani miwili, mmoja wa kilo na mmoja wa gramu unaosoma mpaka desimali mbili, yote ikiwa na stika ya Wakala wa Vipimo ambayo haijaisha muda. Halafu kuna kosa dogo linalozaa makubwa: kupima kete pamoja na nailoni yake na kuandika tu "uzito". Kwenye kete ndogo, nailoni na uzi vinaweza kuwa vizito kuliko unga uliomo. Iandikwe wazi: uzito pamoja na kifungashio. Uzito bila kifungashio mwachieni mkemia, kwa sababu kufungua kete kumi juu ya meza ya kituo, feni ikizunguka, ni kupoteza ushahidi na kuvuta usichokijua.

Sasa vipimo vya rangi, ambavyo vinapendwa na kuaminiwa kupita kiasi. Kitendanishi (kemikali ya kupimia) cha Marquis ni formaldehaidi ndani ya asidi ya salfuriki kali. Unaweka matone mawili matatu kwenye kigae cheupe chenye vishimo, unatia unga kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, unatazama kwa dakika moja. Heroini hutoa zambarau. Methamfetamini hutoa rangi ya chungwa inayoelekea kahawia. MDMA, yaani ekstasi, huwa nyeusi. Lakini aspirini nayo hupanda polepole kuwa waridi hadi nyekundu, na sukari huunguzwa na asidi ikawa kahawia nzito. Afisa mwenye haraka ataiita hiyo methamfetamini. Kitendanishi cha kokeini, cha kobalti thayosayaneti, hutoa buluu. Difenihidramini, dawa ya kawaida ya mzio, nayo hutoa buluu.

Ndiyo maana kipimo cha rangi hufanywa kwa vishimo vitatu: kimoja kitendanishi kitupu, kimoja kitu kinachojulikana, kimoja kinachochunguzwa. Kishimo kitupu kikibadilika rangi chenyewe, kitendanishi kimeoza. Na huoza: chupa iliyoachwa kwenye gari juani mchana kutwa haiaminiki tena. Rangi isisomwe chini ya taa ya njano, wala baada ya dakika kumi, kwa sababu asidi huendelea kula na karibu kila kitu huishia kuwa cheusi. Kinachobaki kimwagwe polepole kwenye magadi ndani ya maji, kisitupwe ziwani. Jibu la kipimo hiki ni "huenda ndiyo" au "huenda siyo". Linatosha kumzuia mtu na kupeleka sampuli. Halitoshi kumtia hatiani.

Kwa bangi tuna njia ya zamani iliyo nzuri kuliko rangi, nayo ni hadubini. Kwa ukuzaji wa mara 40, uso wa juu wa jani huonyesha vinyweleo vifupi vilivyopinda kama kucha za paka, vimenenepa kwenye kitako chake kwa sababu ya chembe ya chokaa iliyomo ndani. Uso wa chini una vinyweleo virefu, vyembamba, pamoja na vifuko vya utomvu. Dondosha asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, chokaa hutoa mapovu ukitazama. Mimea mingine ina vinyweleo vilivyopinda, michache ina vyote hivi kwa pamoja. Ukiongeza kipimo cha rangi cha Duquenois-Levine, ambacho zambarau yake lazima ishuke mpaka tabaka la kloroform lililo chini ndani ya bomba la kupimia, jibu linakuwa na miguu miwili. Zambarau inayobaki juu isihesabiwe.

Maabara ndiko uthibitisho ulipo. Mkemia hutenganisha mchanganyiko kwa kromatografia, kisha mashine ya GC-MS, kwa sehemu yake ya MS, huvunja kila molekuli na kupima uzito wa vipande. Molekuli ya heroini ina uzito wa 369 na huacha vipande vya 327 na 268. Methamfetamini ni mtihani mgumu zaidi: kipande chake kikuu ni 58, na efedrini, iliyowahi kutumika sana kwenye dawa za mafua, nayo hutoa 58. Anayetazama namba hiyo peke yake atakosea. Lazima alinganishe pia muda ambao dawa imetumia kupita kwenye mashine, na sampuli halisi ya rejea iliyopimwa siku hiyohiyo. Hata kimiminika cha kuyeyushia kina hila: heroini ikikaa kwenye methanoli huanza kuvunjika, na inayopimwa kesho si ile iliyowekwa leo. Kwa sababu hizo miongozo ya kitaaluma, ukiwemo wa SWGDRUG, kikundi cha wataalamu wa uchunguzi wa dawa chenye makao Marekani, hudai njia mbili au zaidi zinazotofautiana kimsingi, moja ikiwa ya kiwango cha juu kama MS au miale ya infraredi. Mwendesha mashtaka akipokea taarifa inayotaja njia moja tu, aulize.

Kuhusu kuchukua sampuli, desturi iliyozoeleka katika miongozo ya Umoja wa Mataifa ni hii: vifurushi visivyofika 10, chunguza vyote; kuanzia 10 hadi 100, chagua 10 bila upendeleo; zaidi ya 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi, yaani kete 400 utachukua 20. Kabla ya hapo zitengwe kwa mwonekano, za nailoni nyeusi peke yake na za karatasi peke yake. Kosa baya kuliko yote ni kumimina kete zote kwenye mfuko mmoja "ili zisipotee". Kete moja yenye heroini ikichanganywa na 30 za unga wa panadoli, zote zimekuwa heroini, na hakuna anayeweza kuzirudisha.

Vipimo vya mkojo hatuvijadili. Vinasema kilichopita mwilini, si kilichokuwa mfukoni.

Limebaki la makabidhiano. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilisisitiza kuwepo kwa kumbukumbu za maandishi zinazofuatana, tangu kielelezo kinakamatwa mpaka kinapoisha. Maamuzi ya baadaye yalilegeza kidogo kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi. Unga mweupe si mmoja wa vitu hivyo. Kwa vitendo ni hivi: bahasha iandikwe kabla ya kutiwa kitu, kwa wino usiofutika kwa unyevu. Mtuhumiwa, mkamataji na shahidi huru watie saini juu ya mkanda, mstari wa saini ukivuka kutoka kwenye mkanda hadi kwenye karatasi, ili mkanda ukibanduliwa saini ikatike. Kila anayepokea aandike jina, saa, na hali ya lakiri alivyoikuta. Idadi na maelezo yafanane kila mahali. "Kete 36" kwenye hati na "kete 35 za karatasi" kwenye daftari ni zawadi kwa upande wa utetezi.

Tunachoomba si maabara mpya. Tunaomba kila kituo cha mwaloni na mpakani kipate mizani hiyo miwili, bahasha za kaki, mifuko ya lakiri yenye namba, kiboksi cha barafu na chumba kimoja chenye kufuli ambacho funguo yake inatiwa saini. Tunaomba watendaji, mgambo na vikundi vya mialoni wapewe mafunzo ya siku mbili, ya kuandika hati na kufunga kielelezo, si ya kemia. Na tunaomba ofisi yako isimamie uteketezaji wa mapema wa mizigo mikubwa ya bangi kwa amri ya mahakama, mtuhumiwa akiwepo na kusikilizwa, picha na sampuli zikibaki. Stoo iliyojaa magunia ya miaka miwili ni kishawishi kwa anayeilinda, na panya nao wanakula humo.

Fomu ya ukurasa mmoja ya makabidhiano, inayojazika kwa tochi ndani ya boti, tumeshaiandaa na tutaikabidhi kwa Katibu Tawala wa Mkoa atakapotuita.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Wakemia na wafamasia wa Kigoma