Barua ya wazi kwa vijana wa maigizo: lori la mapambo lisiwaumize kichwa

Wanangu,

Malalamiko yenu yamenifikia: ukumbi hakuna, taa hakuna, mfadhili kaingia mitini. Ukumbi daini, ni haki yenu. Ila huku mkidai, nawaomba mmsome Abdelkader Alloula wa Aljeria, mwigizaji, mwandishi na mwongozaji. Yeye ukumbi alikuwa nao, akatoka mwenyewe.

Alizaliwa 1939 Ghazaouet, mji wa bandari magharibi mwa Aljeria, na jina akalijengea katika mji wa Oran. Kwenye filamu pia alionekana, lakini huko sikai. Nakaa 1972.

Mwaka huo yeye na wenzake waliupeleka mchezo wa El Meïda kwa wakulima wa mageuzi ya ardhi. Walibeba na mapambo ya jukwaa. Wanakijiji wakaketi chini, wakawazunguka pande zote, na yale mapambo yakawa yanawaziba macho. Basi yakaanza kupunguzwa, onyesho hadi onyesho, mpaka karibu yote yakaisha. Waigizaji wakawa wanabadili nguo palepale mbele za watu. Kisha wakaona ajabu nyingine: baadhi ya watazamaji wamewapa mgongo! Mwigizaji mwenye majivuno angenuna. Kumbe watazamaji hao walikuwa wametega sikio, wayapate maneno vizuri. Mazungumzo ya baada ya mchezo yalipoanza, wakulima wale waliyarudia maneno ya mchezo kwa kichwa, vipande kwa vipande.

Alloula akaelewa kwamba watu hawa walikuwa na sanaa yao tangu zamani: halqa, duara la sokoni, na katikati yake goual, msimulizi anayewashika watu kwa sauti yake tu. Akaanza kuandika kwa ajili ya masikio hayo. Ndiyo ikaja El Agoual mwaka 1980, kisha El Ajouad na El Litham. Katika El Ajouad yumo mpishi wa shule aliyeusia kwamba akifa, mifupa yake ibaki shuleni ifundishie sayansi. Na anayeitunza ni rafiki yake, mlinzi wa shule hiyo hiyo. Mtu unacheka, halafu unajiuliza unachekaje.

Tarehe 10 Machi 1994, usiku wa Ramadhani, alipigwa risasi Oran akitoka nyumbani kwenda kutoa mhadhara. Akafariki Paris siku nne baadaye. Wengi humjulia hapo tu. Ninyi mjueni kwa kazi.

Sasa, mazoezini. Mkishazikariri sehemu zenu, mwiteni mtu asiyeujua mchezo, muuza chipsi wa hapo nje anatosha. Mketisheni akitazama ukuta, chezeni mwanzo mwisho, kisha mwambieni awasimulie. Pale atakapokwama, msimkosoe. Kalamu iwe mkononi, andikeni upya.

Mzee wenu wa jukwaani