Kwa mwanangu, uliyevaa ngozi ya sokwe

Kigoma

Mwanangu Baraka,

Juzi uliponipigia simu ukasema umepata kazi ya kuvaa vazi la sokwe, yule gorila, mbele ya maduka, ukaniomba nisimwambie baba yako. Nilinyamaza, ukadhani nimekasirika. La. Nilikuwa namkumbuka Charles Gemora.

Alizaliwa mwaka 1903 katika kisiwa cha Negros, Ufilipino, akazamia meli hadi Marekani. Kilichomwokoa ni mikono yake. Alijua kuchora na kuchonga, na studio ya Universal ikamchukua, akawa miongoni mwa wachongaji wa filamu ya The Hunchback of Notre Dame ya mwaka 1923. Baadaye akawa anatengeneza mavazi ya sokwe, na kwa kuwa alikuwa mfupi wa kimo, akaanza kuingia ndani yake mwenyewe. Mara nyingi jina lake halikuandikwa kwenye filamu.

Ninachompendea ni kwamba alikwenda kujifunza kwa mnyama mwenyewe, kwenye bustani ya wanyama ya San Diego. Huko walikuwako sokwe wawili, Mbongo na Ngagi, waliokamatwa Kongo na kufikishwa mwaka 1931. Jina la pili unalijua: bibi yako, Mrundi yule, sokwe humwita ingagi. Tafuta filamu ya Swiss Miss ya mwaka 1938, pale wachekeshaji Laurel na Hardy wanapovusha piano kwenye daraja la kamba, mara sokwe anatokea. Mtazame yeye tu, waache hao wengine.

Lakini neno hilo la bibi yako lilitumiwa vibaya, na mpaka leo linaniuma. Mwaka 1930 ilitoka filamu iliyoitwa Ingagi. Wenyewe walitangaza kuwa ni habari ya kweli iliyopigwa Kongo, kwamba huko wanawake hutolewa kwa sokwe. Uongo mtupu! Vipande vingine vilitolewa kwenye filamu ya zamani, vingine vilipigwa Los Angeles, na hao waliodaiwa kuwa mbilikimo walikuwa watoto Weusi wa mji huohuo. Watu wakajazana kuitazama, wakaamini. Sokwe alikuwa Gemora, naye akatoa kiapo cha maandishi kwamba ndiye aliyekuwa ndani ya vazi. Mwaka 1933 serikali ya Marekani ikawapiga marufuku wenye filamu kuitangaza kuwa ya kweli.

Vazi lako halinitii aibu, mwanangu. Wakikuambia ulivae ili watu wa mahali fulani wachekwe au wasingiziwe, hapo livue, hata kama siku hiyo hulipwi.

Gemora aliendelea na kazi hiyo miaka mingi. Katika The War of the Worlds ya mwaka 1953 alikuwa ndani ya kiumbe cha Mirihi, na binti yake mdogo akimsaidia. Alifariki mwaka 1961.

Ukipata likizo njoo, tupande boti hadi Gombe. Sokwemtu wa huko si gorila, lakini utaona mabega yanavyotangulia wanapotembea, na jinsi wanavyokaa kimya kabla ya kugeuka.

Baba yako nimeshamwambia. Ameuliza kitu kimoja tu: humo ndani ya joto, wanakupumzisha unywe maji? Mjibu yeye mwenyewe.

Mama yako