Barua kwa binti yangu ambaye hakupiga kura

Kilosa, 15 Desemba 2024

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Siku ile uliponiambia kwa simu kwamba hukujiandikisha wala hukwenda kupiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa tarehe 27 Novemba, kwa sababu siasa ni mambo ya wanasiasa na wewe una masomo yako, sikukujibu. Jambo lenyewe si la kujibiwa huku salio linakwisha, nikaona ni heri nikae mezani nikuandikie.

Kwanza nikupe haki yako mahali ulipo na haki. Matokeo yaliyotangazwa yalikipa chama kimoja zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti wa vijiji na mitaa, na kabla ya hapo wagombea wengi wa upinzani walikuwa wameenguliwa, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Uchaguzi wenyewe husimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa iliyo chini ya Ofisi ya Rais, wakati Rais huyo ndiye pia mwenyekiti wa chama kinachoshinda. Hata kujiandikisha kwenyewe kuliwachanganya watu wazima, seuze vijana, kwani wengi walidhani kadi ya mpiga kura inatosha, kumbe uchaguzi huu una daftari lake, na mwezi Oktoba zilitolewa siku kumi tu za kuandikisha majina. Kwa hiyo sitakulaumu kwa kulitilia shaka sanduku la kura. Ninacholaumu ni pale unapotoka kwenye shaka hiyo ukafikia kusema kwamba mambo ya kijiji na ya nchi hayakuhusu.

Sanduku huja mara moja kwa miaka mitano. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake kamili, awe na kadi ya chama au asiwe nayo. Halmashauri ya kijiji, ile yenye wajumbe kati ya 15 na 25, inawajibika kwa mkutano huo. Ukisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 utakuta kwamba halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Katika wilaya hii yetu, ambako wakulima na wafugaji wamekwisha kuuana kwa sababu ya mipaka, huku mashamba ya mkonge yaliyotelekezwa yakigeuka vichaka, utaona mwenyewe uzito wa mikono inayonyooshwa, au isiyonyooshwa, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Hata hivyo siku ya mkutano utamkuta mwenyekiti akizungumza na wazee wachache na kina mama waliopita wakitokea kisimani, na vijana wote wako kijiweni.

Si kwamba vijana hao hawajui siasa. Kila Aprili, ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inapowasilishwa bungeni, hapo kwenye kijiwe cha bodaboda utasikia mabilioni yakitajwa kwa ufasaha wa ajabu: shirika gani limepata hasara, mkataba gani umevunjwa, waziri gani ajiuzulu. Mimi huwasikiliza kwa heshima, kwa sababu wanasoma kweli. Lakini nyuma ya kijiwe hicho hicho limesimama boma la madarasa mawili ambalo kila kaya ilichangia shilingi 10,000. Utaratibu wetu unaujua: wananchi tunanyanyua kuta hadi lenta, serikali inapaua. Kuta zimekwisha kunyeshewa misimu miwili, tofali za juu zinamomonyoka, na mbuzi wa jirani wamepafanya ndani kuwa zizi la mchana. Hakuna kijana hata mmoja kati ya wale wajuzi wa mabilioni aliyewahi kuuliza michango yetu ilikuwa kiasi gani na kiasi gani kimebaki. Bilioni ni rahisi kuizungumzia kwa sababu aliyeila yuko mbali. Aliyeshika fedha ya boma ni mjomba wa mtu, na kesho mtakutana msibani.

Mwaka jana nilikwenda kusoma taarifa ya mapato na matumizi iliyobandikwa ubaoni nje ya ofisi. Ilikuwa imebandikwa juu kabisa, karibu na kenchi, kwa maandishi madogo, hata mimi na urefu wangu nikalazimika kusimama kwa ncha za vidole. Mstari wa nne ulisomeka: Mengineyo, 412,000. Mkutanoni nikamwomba mtendaji wa kijiji atufafanulie mengineyo ni yapi. Alikohoa, akafungua faili, akataja mafuta ya pikipiki, shajala, na chakula cha wageni kutoka wilayani. Hapo mama mmoja anayeuza vitumbua, ambaye hajawahi kugombea hata ujumbe wa kamati, akauliza wageni hao walikuwa wangapi na walikula nini. Watu wakacheka sana, mtendaji naye akacheka, lakini taarifa ya robo iliyofuata ilibandikwa usawa wa macho, na Mengineyo yakawa yamevunjwa mistari mitano, kila mmoja na risiti yake. Hakuna aliyefukuzwa kazi wala chama kilichoshindwa.

Na usidhani kwamba hayo ni ya kijijini tu. Unakumbuka ile tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai 2021, wakati ukiwa bado bwenini? Ilianzia shilingi 10 ikafika hadi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kawaida, na wakala wetu hapa sokoni alikuwa akiwaeleza watu hesabu hiyo huku akitazama chini. Mwezi Septemba mwaka huo huo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Katikati hapakuwa na uchaguzi wowote. Ilipunguzwa kwa sababu mama ntilie, mwalimu, dereva na mzazi mwenye mtoto shuleni wote walielewa kilichokatwa, kimekatwa lini na kiasi gani, wakasema bila kuchoka.

Kuna la tatu ambalo linakugusa wewe mwenyewe. Halmashauri za wilaya na za miji zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa, baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazirejeshwi na baadhi ya vikundi ni vya majina tu, na sasa imerudishwa. Wewe na wenzako mnaosoma uhasibu mnalalamika kwamba ajira hakuna, na ni kweli hakuna. Lakini safari ya kikundi kutafuta mkopo huo huanzia kwenye ofisi ya mtendaji, na asiyejulikana pale, aliyejiweka mbali kwa sababu siasa si mambo yake, atakuta majina yamekwisha kujazwa.

Utaniuliza kuhusu Katiba, nakujua. Mimi naitaka Katiba mpya. Nilitoa maoni yangu mbele ya Tume ya Jaji Warioba, ile iliyokusanya maoni ya wananchi kuhusu Katiba, niliifuatilia rasimu, na niliumia Katiba Inayopendekezwa ilipopitishwa mwaka 2014 bila baadhi ya mambo tuliyoyaomba, kisha kura ya maoni iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa na haijafanyika hadi leo. Hata hivyo, kwa miaka yote hiyo nimewaona watu wazima wakilifanya jambo hilo kuwa kisingizio, wakisema tusubiri Katiba mpya ndipo tudai haki zetu, wakati sheria ya 1982 inayowaruhusu kudai hesabu ya boma ipo na haijafutwa. Nina mashaka kama watu wa namna hiyo watajua la kufanya na Katiba hata wakiletewa mlangoni.

Wengine watakuambia kwamba binti hasimami mbele ya wazee. Kusimama mbele ya wazee kuna adabu yake: unanyoosha mkono, ukiruhusiwa unasimama, unasema shikamooni wazee wangu, halafu unauliza fedha ya boma iko wapi. Bibi yako mzaa mama alifanya hivyo mbele ya wanaume wenye sauti nzito kuliko hawa wa leo, na hakuna aliyemwona hana adabu.

Mkutano wa robo hii umetangazwa kuwa Jumamosi ya kwanza ya Januari, saa nne asubuhi, maana yake utaanza saa tano. Kwa kuwa utakuwa likizo, naomba usirudi Dodoma kabla yake. Nimeomba kwa barua nakala ya hesabu za mradi wa madarasa, na mwenyekiti mpya ameahidi kunipa wiki hii. Ni kurasa sita, na macho yangu hayapendezwi tena na tarakimu ndogo, kwa hiyo nitakuachia wewe uzipitie na kuandika maswali, kisha tutaamua nani aulize lipi. Ukipanda treni ya asubuhi nitakupokea kituoni Kilosa kwa pikipiki. Mama yako anasema usisahau zabibu, na umletee zile za Dodoma zenyewe, si za sokoni Morogoro.

Ni mimi baba yako.