Malalamiko: Mmetuletea Prosesa Zisizooana na Oda Yetu

Kitengo cha Mafundi Kompyuta,
Soweto, Mbeya.

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Kompyuta,
Dar es Salaam.

YAH: PROSESA NNE ZA RYZEN 5 5600 ZISIZOTOA PICHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Oda yetu ilieleza wazi: mazabodi ni B450, prosesa zilizopo ni Ryzen 3 2200G, hakuna kadi ya grafiki, monita zinatumia HDMI ya mazabodi. Mkatuletea Ryzen 5 5600. Zikifungwa, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii.

Kwa simu mlitujibu kwamba tumeziunguza wakati wa kuzifunga, kisha mkatushauri tununue pawa saplai kubwa zaidi. Ushauri huo hauna mashiko. 2200G na 5600 zote ni za wati 65. Pawa saplai iliyoibeba ya zamani inaibeba na mpya. Tena 2200G ikirudishwa, Windows inafunguka kama kawaida, kwa hiyo RAM, diski na mazabodi ni nzima.

Hapa yamepandana matatizo mawili, na kila moja linatosha kuizuia mashine. La kwanza ni BIOS, yaani programu ya ndani ya mazabodi inayoiwasha kompyuta. B450 ilitoka 2018, Ryzen za mfululizo wa 5000 zikaanza kuuzwa mwishoni mwa 2020, hivyo mazabodi yenye BIOS ya zamani haiitambui prosesa hiyo na haifiki hata kwenye nembo. Kuchomoa betri ya CMOS (ile ndogo ya kwenye mazabodi inayotunza mipangilio) hakusaidii: kunafuta mipangilio, toleo la BIOS linabaki lile lile. Dawa ni kuweka BIOS mpya, na kazi hiyo tumeifanya wenyewe huku 2200G ikiwa bado ndani, kwa faili la modeli ile ile ya mazabodi kwenye flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, kompyuta ikiwa kwenye UPS. (Umeme ukikatika katikati, mazabodi inaweza kufa kabisa.) Hilo hatuwadai, ingawa muuzaji makini angetutahadharisha.

La pili ni lenu. 5600 haina grafiki (sehemu ya kutengeneza picha) ndani yake. Hata BIOS iwe mpya kiasi gani, HDMI ya mazabodi haitatoa kitu. Tulipochomeka kadi ya grafiki ya kuazima, zote nne zilileta picha. Hiyo habari ya kuungua basi ifungwe. Tulichohitaji ni 5600G: soketi ile ile ya AM4, wati 65 zile zile, na grafiki yake ndani. Herufi hiyo moja ya G imeandikwa kwenye boksi.

Tunaomba mtubadilishie zote nne kwa 5600G, gharama za kusafirisha kwenda na kurudi zikiwa juu yenu. Tofauti ya bei, kama ipo, tutaizungumza. Kadi za grafiki hatutanunua, maana makasha yetu ni membamba na kadi za kawaida haziingii. Prosesa tutazirudisha zikiwa zimefutwa pasti ya kupoozea, pini zikiwa zimenyooka. Zikagueni mbele ya dereva wa mzigo kabla ya kusaini. Kama 5600G hamna, turudishieni fedha kamili kwa mujibu wa risiti ya EFD.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo tutalifikisha suala hili Tume ya Ushindani.

Wenu katika kazi,
Mkuu wa Kitengo

Viambatisho: nakala ya oda, risiti ya EFD, picha za lebo za prosesa na za ukurasa wa BIOS.