Barua kwa mama lishe wa Moshi: chumvi, magadi na presha za wateja wetu

Wanangu na wadogo zangu mnaopika Mbuyuni, Kiboriloni na kuzunguka stendi,

Shikamoo zenu nazipokea kila nikipita. Leo nina neno linalohitaji mkae chini kidogo.

Nimekuwa muuguzi hadi nikastaafu. Wagonjwa wengi wa kiharusi niliowageuza kitandani walikuwa watu wa kazi: makondakta, mafundi, wauza mitumba. Ndio wanaokula kwenu mchana, siku sita kwa wiki. Wengi hawakujua kwamba wana presha, maana presha haiumi mpaka siku imeshaharibu.

Chumvi ina sodiamu. Ikizidi mwilini huvuta maji na kuyabakiza kwenye damu, moyo ukasukuma mzigo mzito zaidi, na mishipa ikakakamaa miaka inavyokwenda. Potasiamu husaidia figo kuitoa hiyo sodiamu kwa njia ya mkojo, na hulegeza kuta za mishipa. Ndiyo maana siwaambii habari ya chumvi peke yake. Ndizi na mboga zilizo kwenye sahani hiyo hiyo ndizo zenye potasiamu hiyo.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kijiko kimoja cha chai, tena kwa chai, mchana na jioni vyote. Sasa tupige hesabu ya jikoni. Mchana tuupe theluthi yake. Mkipika sahani 20, chumvi yote, ya wali, ya maharage na ya mboga, isifike vijiko 7 vya chai. Pimeni kesho muone mnatia vingapi.

Na hapo sijagusa magadi. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu huku kwetu magadi hayaonekani kuwa chumvi. Ni sodiamu ile ile, imevaa nguo nyingine. Mtu anapunguza chumvi kwenye makande, halafu anatia donge la magadi ili mahindi yaive upesi, akidhani amemsaidia mgonjwa. Magadi yetu ya ukanda huu yana floraidi nyingi pia, ile inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia, na baadhi ya maji ya huku tayari yanayo. Najua mkaa ni ghali na magadi yanauokoa. Basi lowekeni maharage na mahindi usiku kucha. Yataiva mapema bila donge. Vile vipande vya kiungo cha supu navyo ni chumvi kwa sehemu kubwa: ukitia kipande, punguza kijiko.

Mteja atalalamika, hilo nalijua. Msikate chumvi yote siku moja. Punguzeni kidogo kila wiki, ulimi utazoea. Ongezeni vitunguu saumu, tangawizi, ndimu na nyanya. Kopo la chumvi liondoeni mezani, anayeitaka aombe. Na hiyo kidogo mtakayotia iwe yenye madini joto, kwa ajili ya tezi la shingo.

Chakula cha mlima huu ni kizuri jamani. Ndizi za mtori, machalari na kiburu, parachichi, mboga ya mnafu, maharage: potasiamu imejaa humo. Maji mliyochemshia mboga msiyamwage, maana madini mengi yamehamia huko. Dona ina magnesiamu nyingi kuliko sembe iliyokobolewa, na maziwa na dagaa wana kalsiamu. Dagaa wa chumvi waosheni vizuri kwanza. Magnesiamu na kalsiamu husaidia presha kidogo tu, kwa hiyo msimnunulie mtu vidonge vya madini hayo mkidhani ni dawa ya presha.

Huko China walijaribu chumvi ambayo robo yake ni chumvi ya potasiamu badala ya sodiamu, katika vijiji 600, kwa watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha. Matokeo yalitoka mwaka 2021: viharusi vilipungua kwa asilimia 14. Nalitaja ili mjue kwamba kijiko cha mpishi kina nguvu. Lakini mkikutana na chumvi ya namna hiyo dukani, msiipike kwa wateja wote. Mwenye figo mbovu, au anayemeza dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, inaweza kumvuruga mapigo ya moyo hadi kumuua. Mgonjwa wa figo akiwaambia daktari amemkataza ndizi, msimbishie.

Wala asiwepo wa kumwambia mteja aache vidonge kwa sababu anakula mtori.

Nina ombi. Kwenye kikao chenu kijacho cha kikoba, kila mmoja aje na kijiko anachotilia chumvi na ataje idadi ya sahani zake. Mimi nitakuja na mashine ya kupimia presha, na nitaanza na ninyi wapishi, kwa kuwa mnaonja sufuria hizo kutwa nzima.

Mama yenu, muuguzi mstaafu,
Moshi