Taa za kusomea usiku na macho ya wanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niwaeleze wakuu wa shule za bweni kwamba taa inayochosha macho si lazima iwe hafifu. Umeme wetu huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za tyubu zenye choki ya zamani (kile kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) hufifia na kung'aa mara mbili katika kila mzunguko, yaani mara 100 kila sekunde. Jicho halitambui, lakini baadhi ya wasomaji huishia kuumwa kichwa na kuchoka macho. Balbu ya kale ya waya, pamoja na ulafi wake wote wa umeme, ilitulia zaidi kwa kuwa waya wake haukuwahi kupoa kati ya mizunguko hiyo. Za LED hutofautiana mno: yenye saketi nzuri hutulia, ilhali ya bei ya kutupa yaweza kumetameta kuliko hata tyubu.

Mnunuzi wa shule aiwashe taa dukani na kuielekezea kamera ya simu. Michirizi myeusi ikionekana waziwazi, airudishe kwa muuzaji. Isitundikwe tupu, bila kifuniko, mbele ya macho pia, kwani mng'ao wake nao huchosha.

Mzazi,
Morogoro